Zenek, Agiza Nyingine

Milwaukee, 11 Septemba 1978

Dada Bronia,

Hujambo huko kwenye upepo wenu? Sisi huku wazima. Nyanya za uani zimezaa mpaka zinatia aibu. Bi Halina wa ghorofani anachuma anazotaka na bado nyingine zinaoza. Mguu wangu wa kushoto unanijulisha mvua kabla ya redio. Florence anakusalimu, anasema umwombee mgongo wake.

Sasa kaa chini, maana ukiyasikia haya kwa watu wengine utaninunia. Nimekuwa mtu wa televisheni. Usicheke. Mwezi uliopita watu wa bia ya Kranzel walinipeleka New York wakaniketisha kwenye baa ya uongo. Kaunta ipo, chupa zipo, mlango upo, ila ukuta wa mbele hakuna. Pale pamesimama kamera na watu kibao wanaokunywa kahawa na kukutazama.

Tulikuwa watano. Mimi na magoti yangu ya mpira wa Kimarekani, Bill Tansley aliyekuwa kipa wa hoki ya barafuni, bondia mmoja mwenye pua iliyolala, mrusha mpira wa besiboli, na yule mchekeshaji ambaye Mama alikuwa akimsikiliza redioni huku akimenya viazi. Unajua kwa nini walituchukua sisi? Kwa sababu tumekwisha. Ndiyo sheria yao: mchezaji ambaye bado yuko uwanjani haruhusiwi kushika bia kwenye televisheni, watoto wasije wakaiga. Ni lazima kwanza umalizike. Bondia akasema, "Jamani, sisi tumeshakufa, hapa ni mbinguni, na mbinguni kumbe ni baa." Tulicheka sana.

Halafu sikia na hili. Hakuna anayekunywa. Unainua glasi, unaitazama kwa mapenzi, unacheka, unaiweka chini. Mtu haruhusiwi kuonekana akimeza. Na bia yenyewe wanaitia chumvi ili povu lisife. Kutwa nzima nimeshika bia, nikarudi hotelini na kiu yangu.

Neno moja nililikosea. Walilipenda, wakaliacha vilevile. Utalisikia mwenyewe. Je, nimekwambia kuhusu chumvi? Wanaitia bia chumvi ili povu lisife. Tangazo litaanza mwisho wa mwezi, kwenye mpira wa Jumapili. Mwambie Sista Adelajda asimtukane mwamuzi mbele ya Mama Mkuu.

Ndugu yako,
Leon


Konventi, Dakota Kaskazini, 2 Oktoba 1978

Leon mdogo wangu,

Amani ikae nyumbani mwako, na nyanya zipungue. Huku baridi imeshabisha hodi. Watoto wa darasa langu wamerudi wamesahau kugawanya, kama kila mwaka. Sista Adelajda amepata miwani mpya, kwa hiyo makosa ya mwamuzi sasa anayaona hata yale ambayo hayajatendeka. Mama Mkuu anajifanya hasikii vizuri siku za Jumapili.

Jana tulikuwa sote sebuleni. Mimi nilikuwa natia kiraka kwenye soksi. Nikasikia Sista Adelajda anapiga kelele, "Huyo! Huyo ndiye ndugu yake Klementyna!" Nikainua macho na nikakuona. Umenenepa. Nilifurahi, sitakuficha. Nilifurahi mpaka ulipomgeukia yule kipa, ukamwekea mkono begani, ukasema, "Zenek, agiza nyingine."

Yule kipa akatazama nyuma yake kumtafuta anayeitwa. "Zenek ni nani?" Wenzako wakaangua kicheko, na masista nao wakaangua. Mimi nilitoka nikaenda kusimama jikoni karibu na jiko, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Hawajui. Miaka yote niliyokaa nao sijawahi kuwaambia kwamba tulizaliwa watatu. Unaikumbuka ile telegramu ya jeshi, kwamba Zenon, Zenek wetu, hajulikani alipo huko Korea. Unakumbuka Mama alivyoikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, akasema hakuna Misa ya marehemu, hakuna msalaba makaburini, na jina lake lisitajwe humu ndani kwa machozi, maana tukimlilia tutakuwa sisi ndio tumemuua. Basi tukaacha kumtaja kabisa. Mama mwenyewe ameshakufa na bado tumeishika amri yake. Leo wewe umemtaja mbele ya nchi nzima, na bia mkononi.

Kuna jambo la pili, na nimelisoma mara nyingi nikitumaini nimekosea kusoma. Unasema Florence ananisalimu. Leon, Florence mkeo tulimzika miaka mitatu iliyopita. Mimi nilikuja. Mvua ilinyesha, na wewe ulinishikia mwavuli upande ambao haukuwa na mvua.

Ile chumvi pia umeniambia mara mbili. Hiyo ningeicheka. Ya Florence siicheki. Nenda kwa daktari, kisha niandikie alichosema yeye, sio ulichotaka wewe aseme.

Dada yako,
Sista Klementyna (Bronia)


Milwaukee, 19 Oktoba 1978

Dada Bronia,

Haya, umeanza. Tangu nikiwa na kaptula ulikuwa unanikagua masikio, sasa unanikagua barua. Mimi mzima. Majani yameanguka yote, Bi Halina ananilazimisha niyafagie ingawa uwanja ni wangu na yeye ni mpangaji. Amenipikia kabichi na soseji, kidogo imezidi siki, lakini mla bure hana neno.

La Florence ni kalamu tu. Miaka ishirini barua zangu zilikuwa zikiandikwa hivyo, mkono umezoea. Daktari ana foleni.

Sasa nikwambie yanayotokea huku. Siwezi kununua mkate. Nikiingia dukani mtu anapiga kelele kutoka nyuma, "Zenek, agiza nyingine!" Dereva wa gari la takataka ananipigia honi. Kwenye baa ya Stachura vijana wakiishiwa bia hawaiti mhudumu siku hizi, wanamwita Zenek. Juzi nilipelekwa uwanjani, nikapunga mkono wakati wa mapumziko, na jukwaa zima likaliimba jina lake. Watu wazima, Bronia, wamevaa makofia ya sufi, wanaliimba jina la mdogo wetu. Nilisimama pale nikalia, wakadhani ni baridi.

Miaka ishirini na minane hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumtaja. Leo wanamtaja watu ambao hawajui hata Korea iko upande gani. Mama alikosea. Unaona tunamtaja na hafi.

Najua unajiuliza kwa nini nilisema vile. Nitakwambia, ila usinihubirie. Taa zilikuwa zinachoma. Bill aliegemea kaunta kwa kiwiko, akawa anakwangua karatasi ya chupa kwa ukucha, taratibu, bila kuichana. Unajua nani alikuwa na tabia hiyo na chupa za soda. Sikukosea. Nilimwona. Halafu akageuka, nikaona ni Bill.

Watu wa Kranzel wanataka tangazo la pili mwezi Januari. Wanasema nchi nzima inauliza Zenek ni nani. Kwa hiyo wameandika hivi: sisi wazee tumekaa baa, mlango unafunguliwa, Zenek anaingia. Basi, ndilo tangazo zima. Nimewaambia ndiyo kabla hawajamaliza sentensi.

Leon


Konventi, 5 Novemba 1978

Leon,

Natumai siki haikukuua. Mshukuru Bi Halina kwa niaba yangu, na umfagilie majani bila kunung'unika. Huku theluji ya kwanza imeanguka na imekaa. Mtoto mmoja wa darasa langu ameuliza kama Mungu anazikumbuka theluji za mwaka jana. Nilimwambia anyamaze agawanye, kisha nikashinda nikiliwaza swali lake.

Najua utakasirika, kwa hiyo nakwambia moja kwa moja. Umeingia mwezi wa marehemu. Unajua padre anavyosoma majina kabla ya Misa, kila familia na karatasi yake, kama walivyokuwa wakisoma kule kwetu. Kila mwaka nimeandika Baba, kisha nikaongeza Mama, kisha Florence. Mwaka huu nimeandika na Zenon. Padre alipolifikia nilishika benchi kwa mikono yote miwili. Akalisoma kama majina mengine, akaenda kwa linalofuata. Hakuna kilichotokea. Nilitoka nje nikiwa mwepesi na nimechoka, na nikalala mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu nivae shela.

Sasa la kwako. Usiende New York. Nakuomba. Uligongwa kichwa uwanjani miaka kumi, na mimi nilikuwa nasikia redioni watu wakishangilia kila ulipoanguka ukainuka ukiyumba. Walikucheka wakati ule kwa mapenzi na wanakucheka sasa kwa mapenzi, lakini wanachokicheka ni ugonjwa, Leon. Wao wanadhani ni uigizaji. Itafika siku utasimama pale hujui uko wapi, na watu watapiga makofi. Mimi nitakuwa nimekaa sebuleni na soksi mkononi, nisiweze kukufikia. Hiyo ndiyo hofu yangu, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Umekwenda kwa daktari? Hukunijibu.

Bronia


Konventi, 12 Desemba 1978

Leon,

Zaidi ya mwezi hujaniandikia. Mwanzoni nilisema ni theluji, barabara zimefungwa. Lakini barua za masista wengine zinafika.

Mkate wa Noeli, ule mwembamba kama hostia, nimeuweka humu ndani ya bahasha kama kila mwaka. Nimeuvunja kipande, nimekila, nusu yako hii hapa. Umevunjika tena njiani bila shaka, kula hivyo hivyo. Sista Adelajda amenilazimisha nikwambie kwamba anakuombea, na kwamba timu yenu ni ya kutia huruma. Kifua kinamsumbua tangu baridi izidi.

Nimezungumza na Mama Mkuu kuhusu jambo moja langu. Sitaki kuliandika bado.

Hata kama umenikasirikia, andika. Andika matusi.

Bronia


Milwaukee, 28 Desemba 1978

Dada Bronia,

Heri ya Noeli, kwako na kwa masista, na kwa huyo bibi mwenye mdomo. Mwambie timu ni mbovu kweli. Bahasha ameandika Bi Halina, anasema barua yangu iliyopita niliiandikia anwani ya Korea. Labda ananitania.

Nilikukasirikia. Bado nimekasirika. Mama aliishika amri yake miaka yote hiyo, wewe ukaiachia kwa kipande cha karatasi. Umemzika mtu bila mwili, bila kuniuliza. Hata jembe hukunipa.

Lakini mkate wako ulifika, na siwezi kuununia mkate. Mkesha wa Noeli nilipika mwenyewe: samaki, uyoga, kabichi. Niliweka sahani, na ile ya ziada ya mgeni ambaye huenda akabisha hodi. Bi Halina akashuka na keki ya mbegu. Nikachukua mkate nikauvunja vipande vitatu. Bi Halina akasema, "Tupo wawili, Bwana Leon." Nikasema najua. Tukala, kipande kile kiko kwenye sahani ya mgeni. Asubuhi hakikuwepo. Nimemuuliza Bi Halina kama alikitupa, anaapa hakukigusa. Nimejiuliza kama nilikila mimi. Sijui, Bronia. Inawezekana nilikila mimi.

Nikwambie jambo jingine kisha nitulie. Siku ya Noeli baada ya Misa nilirudi kwa miguu, njia ile ile. Mtaa ulikuwa wetu lakini nyumba hazikuwa zetu. Nilizunguka mpaka vidole vikafa ganzi. Askari mmoja kijana akasimamisha gari. "Bwana Leon mwenyewe! Unatafuta nini kwenye baridi hii?"

Nikamwambia natafuta nyumbani.

Akacheka mpaka akashika usukani. "Na Zenek je, yuko wapi?"

Nikamwambia naye ninamtafuta.

Alitoka kwenye gari ili acheke vizuri. "Mzee, wewe unaweza! Hata kamera hakuna na bado unacheza!" Nikasema tena kwamba nimepotea, na kila nilivyosema akazidi kucheka, mpaka na mimi nikaanza kucheka, kwa sababu nilimwona ni kijana mzuri na sikutaka kumharibia sikukuu. Mwishowe akanipakia, akamuuliza mtu wa baa ninakokaa, akanishusha mlangoni. Aliomba saini kwa ajili ya mkewe.

Sikwambii haya ili uniambie uliniambia.

Naenda New York tarehe ishirini na mbili. Usinizuie. Wamempata kijana wa kuingia mlangoni.

Leon


Konventi, 9 Januari 1979

Leon wangu,

Mwaka mpya na uzima, kwako na kwa Bi Halina. Hapa tumezikwa na theluji mpaka madirishani. Sista Adelajda yuko kitandani lakini anauliza matokeo.

Barua yako nimeibeba mfukoni siku zote hizi. Nimemlilia yule askari, maana siku akijua alichokicheka hatajisamehe. Nimekulilia na wewe uliyecheka ili asihuzunike. Tangu utotoni uko hivyo. Ulikuwa ukivunjwa pua unamwomba radhi aliyekuvunja.

Kuhusu Zenon siombi msamaha, ila ilinipasa kukuuliza kwanza. Wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja, mimi nilikuwa na changu.

Sitakuzuia tena. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, nenda na Bi Halina. Waambie watu wa Kranzel huendi bila yeye, watakubali, wanakuhitaji. La pili, kata kipande hiki cha chini uweke mfuko wa shati, ukisome ndani ya ndege na ukisome tena kabla hawajawasha taa:

Kijana atakayeingia mlangoni ni mwigizaji. Si Zenek. Zenek angekuwa na miaka arobaini na minane sasa, na upara kama Baba. Mimi ni dada yako Bronia na ninakupenda.

Lile jambo langu limetoka kwa Mama Mkuu, limekwenda kwa askofu.

Bronia


Milwaukee, 3 Februari 1979

Dada Bronia,

Leo kichwa changu kiko safi, kila kitu kiko mahali pake, kwa hiyo naandika haraka kabla hakijabadilika. Jua limetoka, theluji inadondoka kutoka kwenye paa. Bi Halina mzima. New York aliwagombeza watu kuhusu kahawa yao.

Daktari nimemwona. Bi Halina alinipeleka kwa nguvu tulipotoka huko. Amesema unachofikiria, na amesema hakirudi nyuma.

Kipande chako nilikisoma ndani ya ndege, nikakisoma na chooni. Kwa hiyo nataka ujue kwamba nilijua. Usije ukaambiwa na mtu kwamba nilidanganyika. Mlango ulipofunguliwa kijana akaingia amevaa koti la sufi la zamani, na theluji ya vipande vya sabuni mabegani, na kitu cha kwanza nilichokitazama ni viatu. Vilikuwa vipya. Zenek hakuwahi kuvaa viatu vipya maishani mwake, alivaa vyangu nikishavimaliza. Basi nilijua.

Akasema, "Samahani, nimechelewa." Hayo ndiyo maneno yote aliyopewa. Mimi nilitakiwa kujibu, "Zenek, agiza nyingine," na wazee wacheke.

Sikuweza. Nilisimama nikamshika. Nikamwambia kwa Kipolandi chetu kwamba Mama alimwekea sahani kila mwaka. Nilijua si yeye, Bronia, lakini katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kunipa mlango ambao angeweza kuingilia. Kijana hakuelewa neno hata moja, na bado alinishika, hakuniachia. Bill alitazama pembeni. Watu wa kahawa wakaweka vikombe chini. Kisha mwongozaji akapiga makofi. "Safi sana, Leon! Safi! Turudie, ila safari hii usisimame."

Wakamwambia kijana atoke.

Akatoka, mlango ukafungwa. Ukafunguliwa, akaingia. "Samahani, nimechelewa." Nikasema maneno yangu, wazee wakacheka. Taa haikukaa vizuri. Atoke. Akaingia tena, tumepunguza theluji ya sabuni. Atoke. Bondia amekohoa. Atoke. Kila safari anaingia amechangamka, anaomba radhi amechelewa, na mimi najua mwigizaji, mwigizaji, lakini anapotoka anayetoka ni mwingine. Nikaanza kumwambia kwa sauti ndogo, "Usitoke."

Akaniinamia sikioni, "Ndiyo kazi, mzee. Nitarudi."

"Basi uache mlango wazi kidogo."

"Hawataki."

Na kila safari alirudi, siwezi kumsingizia. Mpaka mwongozaji aliposema imetosha, tumepata. Wakati huo kijana yuko nje ya mlango. Hakurudi. Nadhani alipita upande wa pili, akavua koti, akaenda zake kula, ana haki. Hakuna aliyenieleza. Bill na wenzake waliniaga, nikawaitikia. Nikabaki nimekaa na glasi yangu ya chumvi, natazama mlango. Wakaanza kuzima taa moja moja. Kisha wakaja watu wawili, wakaung'oa mlango pamoja na fremu yake, wakauinua, wakaubeba. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa matofali na ndoo ya deki.

Bi Halina akanishika mkono akasema twende. Nikamwambia asubiri kidogo. Alisubiri.

Ulikuwa sahihi kuliandika jina lake. Ilinipasa nione huo ukuta.

Wanasema litatoka majira ya kuchipua, na kwamba ni zuri kuliko yote waliyowahi kutengeneza. Yale ya kumshika hawatayatumia, wametumia ya kucheka. Waache masista wacheke, usiwaambie.

Zamani niliogopa kusahau. Siogopi sana tena, usahaulifu ukishafika hauumi. Ninachokiogopa ni hiki: watu wataingia na kutoka mlangoni kwangu, Bi Halina, padre, wewe ukija mara moja kwa mwaka na ruhusa yako, na sitajua ni safari ipi mtu ametoka asirudi. Nitakuwa nimekaa tu natazama. Hilo naliogopa, dada.

Leon


Konventi, 19 Februari 1979

Leon mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Bi Halina, na nimemwandikia naye kwenye bahasha yake mwenyewe ili akusomee hii kama kichwa hakiko vizuri siku itakapofika. Sista Adelajda alituacha Jumatano, usingizini. Nilimwambia kuhusu Zenon siku chache kabla. Aliniuliza alikuwa akicheza nafasi gani.

Askofu amejibu. Sikukwambia nilichoomba kwa sababu niliogopa utanikataza, na ungenikataza. Nimeomba kuachiliwa nadhiri zangu, na nimeachiliwa. Mama Mkuu alilia, kisha akanipa sanduku lake mwenyewe. Sijamwacha Mungu, usije ukaanza na wewe kunihubiria. Nimeishi naye nyumba hii karibu miaka thelathini na anajua anwani yako.

Usiniandikie kunizuia, barua haitanikuta. Nimeshapewa gauni kutoka kwenye nguo za msaada, linanibana mabegani na lina maua ambayo sikuyachagua. Tangazo lenu likitoka tutaamua siku hiyo, tulitazame au tuzime. Zenek tutamtaja mezani kama watu wanavyomtaja ndugu yao, tukigombana kama alipenda uyoga au hakupenda. Mimi nasema hakupenda.

Basi linafika Jumamosi mchana. Mlango wako utafunguliwa, na wewe usiinuke, mguu wako mbaya. Atakayeingia ni mwanamke mnene kuliko unavyomkumbuka, na nywele nyeupe ambazo hujawahi kuziona, maana ziligeuka chini ya shela. Huenda siku hiyo usinijue. Nitakwambia jina langu. Kesho yake ukiniuliza mimi ni nani, nitakwambia tena, na keshokutwa, na sitachoka, nimefundisha watoto kugawanya.

Na ukiniambia nisitoke, Leon, sitatoka.

Bronia